Saa 156 Nje ya Mashine: Siku za Mtu Anayesafishwa Damu

Wiki moja ina saa 168. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa, na anayekwenda kusafishwa damu mara 3 kwa wiki kwa muda wa saa 4 kila mara, hukaa kwenye mashine saa 12 tu kati ya hizo. Zinabaki saa 156 ambazo hana mashine wala hana figo, na ni katika saa hizo ndipo anapolala, anapofanya kazi, anapolea watoto na anapopata kiu. Watu wanaomjulia hali humuuliza zaidi habari za zile saa 12: kama sindano zinauma, kama mashine ilikuwa nzima, kama alisubiri sana. Ni maswali ya upendo, lakini sehemu kubwa ya ugumu wa ugonjwa huu iko upande wa pili, kwenye saa ambazo wengine hawazioni, na bila kuzielewa saa hizo ni vigumu kumsaidia mgonjwa kwa namna inayomfaa.

Lugha yetu yenyewe imechangia kutoelewa. Mara nyingi husemwa kwamba fulani "anasafishwa figo", kana kwamba figo zimechafuka na zikishaoshwa zitarudi kazini. Figo hazisafishwi. Kinachosafishwa ni damu, na itabidi isafishwe tena keshokutwa. Tofauti ya neno hilo moja ndiyo inayomfanya ndugu aulize baada ya miezi kadhaa, kwa nia njema kabisa, "Bado tu hujamaliza?" Wapo wagonjwa ambao figo zao zilipata mshtuko wa ghafla, kwa mfano baada ya kupoteza damu nyingi au kupata maambukizi makali, na hao huweza kusafishwa damu kwa wiki chache tu kisha figo zikaamka. Ninaowazungumzia hapa ni wale ambao figo zao zimekufa polepole kwa miaka, mara nyingi kwa sababu ya kisukari au shinikizo la juu la damu. Kwao, matibabu haya hayana dozi ya kumaliza.

Ili kuona kwa nini saa 156 zina uzito kuliko 12, ni lazima kwanza kujua figo zilikuwa zikifanya nini. Figo nzima hazipumziki. Kila siku huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, hurudisha mwilini karibu asilimia 99 ya majimaji hayo, na kinachobaki, lita 1 na nusu hivi, ndicho mkojo. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana, kidogo kidogo, bila mwenyewe kuhisi: akinywa maji mengi, figo huyatoa ndani ya saa chache, akila chumvi nyingi, huanza kuipunguza. Tena figo hutengeneza homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, na huigeuza vitamini D iwe katika umbo ambalo mwili unaweza kulitumia kufyonza kalsiamu.

Mashine haiwezi kufanya hata moja ya kazi hizo za homoni. Inachoweza ni kuchuja. Damu hutolewa mwilini kwa kasi ya mililita 300 hadi 400 kwa dakika, ikapitishwa ndani ya kichujio chenye maelfu ya mirija myembamba kama nywele, huku nje ya mirija hiyo yakipita maji maalumu kwa kasi ya takriban mililita 500 kwa dakika. Taka huvuka kuta za mirija kwenda upande ambao taka ni chache, na maji yaliyozidi mwilini huvutwa kwa nguvu ya mgandamizo. Katika muda wa saa 4 hutumika takriban lita 120 za maji hayo maalumu, na ndiyo maana hakuna chumba cha kusafishia damu kinachoweza kufanya kazi bila mtambo wa kuyachuja maji kwa kiwango kinachozidi hata kile cha maji ya kunywa. Pamoja na ukubwa wote huo, ukipiga hesabu ya wiki nzima, mashine hufikia takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya uwezo wa figo nzima wa kuondoa taka. Pengo linalobaki analiziba mgonjwa mwenyewe, kwa kujinyima maji, kwa kuchagua chakula, kwa kumeza dawa, na kwa kuvumilia uchovu ambao haumwishi.

Kiu na mizani

Ukimuuliza mtu anayesafishwa damu ni jambo gani linalomsumbua zaidi, mara nyingi atakutajia kiu kabla ya sindano. Mtu ambaye hapati mkojo tena hana njia ya kutolea maji isipokuwa jasho, pumzi na choo kikubwa, na njia hizo ni nyembamba. Kila lita 1 inayobaki mwilini ni kilo 1 inayoongezeka kwenye mizani. Kwa hiyo vituo vya kusafishia damu hutumia kipimo kiitwacho uzito mkavu, yaani uzito ambao mgonjwa angekuwa nao kama mwili wake usingekuwa na maji ya ziada: miguu haijavimba, kifua hakijabana, shinikizo la damu limetulia. Hupimwa akiingia, hupimwa akitoka, na tofauti kati ya uzito wa leo na uzito mkavu ndiyo maji ambayo mashine itaamriwa kuyatoa.

Tatizo liko kwenye kasi. Tuchukue mfano wa mtu mwenye uzito mkavu wa kilo 60 ambaye amefika akiwa na kilo 64. Kuyatoa maji hayo kwa muda wa saa 4 kunahitaji kuvuta lita 1 nzima kwa saa, ambayo ni karibu mililita 17 kwa kila kilo ya mwili wake kwa saa. Tafiti zimehusisha kasi inayozidi mililita 13 kwa kilo kwa saa na matatizo ya moyo na vifo vingi zaidi. Lau angefika na kilo 63, kasi ingeshuka hadi mililita 12 na nusu. Sasa igawe hiyo lita 1 ya tofauti katika siku 2 zilizopita: ni nusu lita kwa siku, yaani glasi 2. Glasi 2 za maji kwa siku ndizo zinazotenganisha matibabu ya utulivu na matibabu ya mateso, na naamini kila anayeishi na mgonjwa angepaswa kuijua hesabu hii.

Mateso yenyewe yana maelezo mepesi. Mashine huvuta maji kutoka ndani ya mishipa ya damu, lakini maji mengi ya ziada yamejificha kwenye nyama za mwili, na yanahitaji muda kuingia mishipani. Yakivutwa kwa haraka kuliko yanavyoingia, mishipa hupungukiwa, shinikizo la damu huanguka, na mgonjwa huona kizunguzungu, hupata kichefuchefu, jasho jembamba humtoka, na misuli ya shavu la mguu hukaza kwa maumivu yanayoweza kumtoa machozi mtu mzima. Moyo na ubongo navyo hupungukiwa damu kwa dakika hizo. Ni rahisi kwa mtu aliyepitia hali hiyo mara kadhaa kuomba mashine izimwe kabla ya wakati, lakini nusu saa anayoikata leo itabaki mwilini mwake kama maji na taka, naye atarudi keshokutwa akiwa na mzigo mkubwa zaidi.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni "usinywe maji mengi". Ni ushauri wa kweli, lakini ukitolewa peke yake ni wa kikatili, kwa sababu chanzo kikubwa cha kiu ni chumvi. Dripu ya maji ya chumvi inayotundikwa hospitalini ina gramu 9 za chumvi kwa kila lita 1, na ukali huo umechaguliwa kwa sababu unakaribiana na ule wa majimaji ya mwili wenyewe. Maana yake ni kwamba mtu asiye na figo akila gramu 9 za chumvi, mwili wake utadai takriban lita 1 ya maji ili kuirudisha damu kwenye ukali wake wa kawaida, na dai hilo huja kwa njia ya kiu ambayo nia njema pekee haiwezi kuizuia. Kumkataza mtu huyo maji huku mezani kukiwa na chakula chenye chumvi nyingi ni kumwekea vita asivyoweza kushinda. Kwa mwenye kisukari, sukari ikipanda kwenye damu nayo huleta kiu ya aina hiyohiyo, hivyo kudhibiti sukari ni sehemu ya kudhibiti maji.

Maji pia si yale ya glasi peke yake. Supu, chai, maziwa, barafu na tikiti maji vyote huingia kwenye hesabu. Wagonjwa wazoefu wana mbinu zao: hupima asubuhi maji ya siku nzima kwenye chupa moja ili wayaone yakipungua, hutumia kikombe kidogo, husukutua mdomo na kutema, hunyonya kipande cha barafu badala ya kunywa, na humeza dawa pamoja na chakula ili zisidai maji yake. Wale ambao bado wanapata mkojo kidogo wana nafuu kubwa, kwa kuwa kiasi wanachoruhusiwa mara nyingi hukadiriwa kwa kuchukua mkojo wa siku na kuongeza takriban nusu lita. Mkojo huo mdogo ni mali. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu huzimeza bila kuuliza, zinaweza kuumaliza, na hii ndiyo sababu mgonjwa huambiwa asitumie dawa yoyote mpya kabla ya kuwauliza wanaomtibu.

Mkono unaolindwa

Ili mashine ivute mililita 300 hadi 400 za damu kila dakika, mshipa wa kawaida wa mkononi hautoshi. Historia ya matibabu haya ni kwa sehemu kubwa historia ya kutafuta mlango wa kuingilia kwenye damu. Daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kwanza iliyofanya kazi kwa binadamu nchini Uholanzi mwaka 1943, lakini kila tiba iliharibu mshipa, kwa hiyo mgonjwa angeweza kusafishwa mara chache tu. Mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner alianza kutumia mrija wa Teflon, aina ya plastiki laini, uliobaki mkononi kati ya tiba moja na nyingine, na mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Mwaka 1966 Michael Brescia na James Cimino, pamoja na wenzao, walichapisha njia inayopendelewa hadi leo: daktari wa upasuaji huunganisha ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, na vena, yaani mshipa unaoirudisha, hapo mkononi, damu yenye nguvu ya ateri ikaingia kwenye vena, na baada ya wiki kadhaa hadi miezi michache vena hiyo hupanuka na kuwa na ukuta imara unaostahimili sindano.

Muunganiko huo huitwa fistula. Wasomaji wengi wakilisikia neno hili hufikiria jeraha la uzazi, na wagonjwa wengine wamejikuta wakilieleza kwa aibu; ni neno moja kwa vitu 2 tofauti kabisa, na hii ya mkono hutengenezwa kwa makusudi. Mwenye nayo huijua kwa kuigusa. Ukiweka vidole juu yake unahisi mtetemo, kama wa paka anayekoroma, na mgonjwa hufundishwa kuutafuta mtetemo huo kila siku, kwa sababu ukinyamaza huenda damu imeganda, na fistula inaweza kuokolewa iwapo tu atafika hospitali mapema. Mkono huo haupimwi shinikizo la damu, hautolewi damu ya vipimo, hauvalishwi saa inayobana, haubebeshwi mzigo mzito wala haulaliwi. Ni mgonjwa mwenyewe anayepaswa kusema hivyo kila anapokutana na mhudumu mgeni, hata akiwa dhaifu, na inahitaji ujasiri kumwambia aliyeshika sindano kwamba mkono huo hauguswi.

Sindano ni 2 kila mara, moja ya kutolea damu na nyingine ya kuirudishia, na ni nene kuliko za kawaida. Kwa ratiba ya mara 3 kwa wiki, hiyo ni zaidi ya mara 300 za kuchomwa kwa mwaka. Mkono huvimba vinundu, na wapo wanaovaa mikono mirefu hata kwenye joto kwa sababu wamechoka kutazamwa. Ambao fistula zao hazijakomaa au zimeshindikana hutumia katheta, yaani mrija laini unaoingizwa kwenye mshipa mkubwa, kwa kawaida wa shingoni. Katheta haihitaji kuchomwa, lakini ni njia iliyo wazi kutoka nje hadi karibu na moyo, na maambukizi yake ni ya hatari. Hailoweshwi. Kuoga kwa uhuru, jambo ambalo mwenye afya halifikirii, huwa kitu cha kupangia. Homa au kutetemeka kwa baridi kwa mtu mwenye katheta si jambo la kusubiri mpaka kesho.

Chakula kinachogeuka sheria

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, na si kosa lao. Kabla ya kuanza kusafishwa damu, mgonjwa mwenye figo dhaifu huenda aliambiwa apunguze protini ili kuzipunguzia figo kazi. Akishaanza, huambiwa aongeze, hadi takriban gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa sababu mashine hupoteza sehemu ya malighafi za protini na ugonjwa wenyewe hula misuli. Familia iliyokuwa imemwondolea nyama na mayai kwa uangalifu mkubwa hulazimika kuvirudisha. Bila kuelezwa sababu, huona kama madaktari wanajipinga.

Adui wa haraka zaidi ni potasiamu. Madini haya yanahitajika katika kila pigo la moyo, lakini yakizidi kwenye damu huvuruga umeme wa moyo na yanaweza kuusimamisha, wakati mwingine bila dalili zaidi ya udhaifu wa misuli. Yamo kwa wingi katika vyakula ambavyo mtu mwingine yeyote angesifiwa kwa kuvila: ndizi, machungwa, parachichi, nyanya, viazi, matunda makavu. Ni huzuni ya pekee kwa mgonjwa kuona kwamba orodha ya vyakula vya afya imegeuka kuwa orodha ya hatari. Sehemu ya potasiamu huweza kupunguzwa kwa kumenya viazi na mboga, kuvikata vipande vidogo, kuvichemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga maji hayo, maana potasiamu huyeyuka ndani yake. Kwa hiyo mchuzi uliotokana na kuchemsha mboga haumfai.

Kuna mitego 2 inayostahili kutajwa kwa sauti. Wa kwanza ni chumvi mbadala, ile inayouzwa kwa ajili ya watu wenye shinikizo la damu. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, kwa hiyo mgonjwa anayejitahidi kuepuka chumvi anaweza kujitia sumu kwa juhudi ileile. Wa pili ni karambola, tunda ambalo likikatwa huonekana kama nyota. Lina kemikali inayodhuru ubongo ambayo figo nzima huitoa bila shida, lakini kwa mtu asiye na figo inaweza kuleta kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo. Hili halina kipimo salama, haliliwi kabisa.

Fosforasi, madini mengine yaliyomo kwenye chakula, hufanya madhara polepole. Ikijikusanya, huvuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa, huchangia mwasho wa ngozi unaomnyima mtu usingizi, na kwa miaka husaidia kuigeuza mishipa ya damu kuwa migumu. Mashine huitoa kwa shida kwa sababu sehemu kubwa yake haiko kwenye damu, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa vidonge vya kuifunga tumboni, ambavyo havina kazi visipomezwa pamoja na chakula. Fosforasi inayoongezwa kiwandani kwenye nyama za kopo, soseji na soda nyeusi hufyonzwa karibu yote, ilhali ile iliyomo kiasili kwenye nafaka na maharage hufyonzwa kwa sehemu tu. Kama ningelazimika kumpa mgonjwa shauri moja la chakula na si zaidi, ningemwambia aache vyakula vya viwandani kabla ya kuogopa vya shambani, maana vya viwandani huleta chumvi na fosforasi kwa pamoja.

Ratiba ya mara 3 kwa wiki ina kasoro ya kihesabu ambayo haiwezi kukwepwa: siku za wiki ni 7, kwa hiyo mahali fulani lazima patokee siku 2 kamili bila tiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 32,000 nchini Marekani, ulionyesha kwamba vifo na kulazwa hospitali kwa sababu za moyo huongezeka siku inayofuata pengo hilo refu. Kwa mgonjwa ambaye ratiba yake ina pengo mwishoni mwa juma, siku ambazo wengine hukusanyika na kula kwa uhuru ndizo zinazomtaka awe mwangalifu kuliko zote.

Uchovu

Mtu akishuka kitini baada ya tiba, aghalabu hafanani na aliyepumzika saa 4. Amepoteza maji kwa haraka, kemikali za damu yake zimebadilika kwa muda mfupi, na mwili unahitaji muda kujisawazisha. Baadhi hurudia hali yao baada ya saa chache, wengine hulala mpaka kesho yake, na kwa hao wa pili siku ya tiba yote imekwenda. Juu ya hapo kuna upungufu wa damu unaotokana na kukosa erithropoietini. Dawa ya sindano inayochukua nafasi ya homoni hiyo iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1989, na kabla yake wagonjwa wengi waliishi kwa kuongezewa damu. Hata leo, mgonjwa ambaye anakosa sindano hiyo au madini ya chuma anaweza kushindwa kupanda ngazi chache. Usiku nao huleta miguu isiyotulia na mwasho. Namwomba msomaji aliye na ndugu katika hali hii asiuite uvivu.

Mwenye kisukari ana jambo lake la kuangalia: figo zilikuwa zikisaidia kuivunja insulini, kwa hiyo zikishindwa, dozi ileile ya zamani hukaa mwilini muda mrefu zaidi na inaweza kuishusha sukari hadi mtu kuzimia.

Njia ya tumbo

Mashine si njia pekee. Katika usafishaji wa damu kupitia tumbo, utando wa asili unaofunika ndani ya tumbo ndio huwa kichujio. Takriban lita 2 za maji maalumu huingizwa kwa mrija laini uliowekwa kwa upasuaji, huachwa ndani saa kadhaa, kisha hutolewa yakiwa yamebeba taka, na maji mapya huingizwa. Kwa kawaida mara 4 kwa siku, au usiku kucha kwa mashine ndogo mgonjwa akiwa amelala. Kwa kuwa kazi hufanyika kila siku, hakuna pengo refu, hakuna kushuka kwa ghafla kwa shinikizo, na vizuizi vya chakula kwa kawaida hulegea. Anayetibiwa hivyo hahitaji kuishi karibu na kituo.

Gharama yake kwa mwili na akili ni ya namna nyingine. Hakuna siku ya mapumziko. Kila ubadilishaji huchukua nusu saa au zaidi na hudai mikono iliyooshwa, barakoa, mahali safi, na umakini uleule mara ya 1,000 kama ulivyokuwa mara ya kwanza, kwa sababu kosa dogo huleta maambukizi ya tumbo. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni maji yanayotoka yakiwa na ukungu. Maji maalumu yanayoingizwa yana sukari, hivyo uzito huongezeka. Tumbo huonekana limejaa. Masanduku ya mifuko hujaza chumba. Hata hivyo nadhani njia hii hutajwa kidogo kuliko inavyostahili, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kuhusu njia zote kabla hajaanza mojawapo.

Kazi, safari na nyumba

Mwajiri aliye tayari kumpa mtu ruhusa ya wiki 2 za ugonjwa hajui afanye nini na mtu anayehitaji nusu siku mara 3 kila wiki bila mwisho. Wanaobaki kazini ni wale ambao saa zao zinaweza kusogezwa, au ambao kituo chao kina zamu ya jioni au usiku. Safari nayo inahitaji kupata kiti katika kituo kingine mapema, kupeleka ripoti, na vipimo vya virusi vya homa ya ini na Ukimwi, kwa kuwa vituo hulinda wagonjwa wao wote. Msiba wa ghafla mbali na nyumbani humweka mtu kati ya huzuni na hesabu za siku.

Ndani ya ndoa, hamu hupungua kwa sababu za homoni, dawa na uchovu, na wengi hawasemi. Mwenzi hugeuka mlinzi wa chumvi na wa glasi, kazi inayoleta ugomvi mdogomdogo kila mlo. Ni afadhali hesabu ibaki mikononi mwa mgonjwa, na nyumba ibadili chakula cha wote, kuliko mtu mmoja kukaa mezani akiwa amepikiwa peke yake. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ni ya kawaida miongoni mwa wanaosafishwa damu, na hufichika kwa urahisi kwa sababu dalili zake, yaani uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula, hufanana na za ugonjwa wenyewe. Inatibika, ikitafutwa.

Wapo pia, hasa wazee wenye maradhi mengine mazito, ambao huamua kutoanza au kuacha. Uamuzi huo si kujiua, nao unastahili kuzungumzwa mapema, akili ikiwa timamu, mgonjwa akiwa na watu wake na daktari wake. Kwa asiyepata mkojo tena, maisha baada ya kuacha kwa kawaida ni ya siku kadhaa hadi wiki chache, na dawa za kutuliza kichefuchefu, mwasho na kukosa pumzi huendelea kutolewa muda wote huo.

Kwa wanaofaa na wanaopata mtoaji, upandikizaji wa figo hurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mashine haikuweza, kwa sharti la kumeza kila siku dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hiyo. Na maagizo ya maji hugeuka. Figo mpya ikishaanza kazi, yule aliyekuwa akipima kikombe kwa miaka mara nyingi huambiwa anywe lita 2 au zaidi kwa siku, huku muuguzi akija kila saa kupima mkojo uliojaa kwenye mfuko kando ya kitanda.